Mwaka Tuliopandisha Maji Sagalla

Najua mtu wa kidato cha nne kuketi na kuandika kumbukumbu za maisha yake ni kama kifaranga kusimama kutoa hotuba ya kustaafu. Mamangu amepita hapa mezani, akachungulia, akauliza, “Maisha gani hayo unayoyakumbuka, na jana tu umesahau sufuria motoni?” Nimemwomba aniache. Wiki iliyopita tulimzika Nyanya Mkawasi, mamake mwalimu wetu, kule Sagalla, na tangu nishuke ule mlima, kila nikifungua kitabu cha kemia naona mtungi wa maji. Siku ya mazishi nilipanda nao mgongoni, ule mtungi wa manjano uliofungwa kamba ya katani, kwa sababu matanga hayaendi bila maji, na Sagalla maji ni mgeni anayekuja akipenda. Nilipofika kwenye jiwe kubwa tulilolibatiza jina la mkuu wa shule kwa sababu ya upara wake, nilisimama kupumua, na mwaka mzima wa kidato cha tatu ukanirudia pale pale, pamoja na maumivu yake ya mabega. Kwa hivyo kemia itangoja. Hata ikiningoja hadi mtihani, tutaonana huko.

Mwaka huo nilikuwa katika shule ya kutwa hapa Voi, na nilijulikana kwa kitu kimoja tu, mdomo. Darasa letu lilikuwa na paa la mabati ambalo kufikia saa sita mchana ungeweza kulikaangia yai. Ndani ya tanuri hilo, siku baada ya siku, Mwalimu Nyambu alitufundisha habari za barafu. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hadi mkunjo ukawa unaweza kukata mkate. Jasho lilimtiririka kisogoni naye anachora kwa chaki nyeupe mto wa barafu unaoshuka kutoka kileleni. “Barafu ya mlimani haikai,” alikuwa akisema, akishusha sauti kana kwamba barafu yenyewe ilikuwa imelala chumba cha pili. “Inatembea. Haina haraka, lakini inatembea. Na ikitembea inakwaruza mwamba, kama mama anavyokwaruza sufuria ya ugali.” Nimefundishwa na walimu wengi, na wengine nimewachosha hadi wakaomba kubadilishiwa darasa, lakini sijawahi kumwona mwingine anayependa kitu hivyo. Tulimpa jina la Barafu. Alilijua, na nadhani lilimfurahisha.

Siku moja Mutua, rafiki yangu wa Miasenyi ambaye huuliza maswali ili kipindi kiishe, aliinua mkono. “Mwalimu, hiyo barafu umewahi kuiona?” Chaki ilisimama ubaoni. Sote tulikuwa tunajua jibu, au tulifikiri tunalijua. Mwalimu Nyambu aligeuka taratibu. “Sijaiona,” alisema. “Nimeisoma, nimeichora, nimeisahihisha kwenye mitihani yenu mkiikosea. Kuiona, bado. Na nimesoma kwamba inayeyuka, kila mwaka inapungua. Na mimi mwisho wa mwaka huu nastaafu.” Aliangalia mchoro wake. “Sijui nani ataondoka kwanza.” Mimi, ambaye ukimya huniwasha kama upupu, nikasema, “Basi twende tukaiage, Mwalimu.” Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alifuta ubao wote, polepole, kisha akaandika katikati: Mlima Kenya. Chini yake akaandika: Likizo ya Agosti. Ndivyo mzaha wangu ulivyogeuka kuwa safari, na mpaka leo nikifanya mzaha kwanza huangalia ni nani ana chaki.

Mipango tuliifanya katika chumba cha jiografia, chumba chenye harufu ya ramani za kale na panya wa sasa. Tulijibana kwenye meza moja, chama chote cha jiografia, tukila muhogo wa kukaanga wenye pilipili na kuacha alama za mafuta juu ya ramani ya Kenya. Mambo ya nauli na kiingilio cha hifadhi nayaruka, wazazi wetu waliyalalamikia vya kutosha. Kwanza kulikuwa na mjadala wa Kilimanjaro, kwamba kwa nini twende hadi Mlima Kenya wakati ukiwa upande wa Taveta asubuhi unaiona theluji ya Kilimanjaro ukipiga mswaki. “Ile tunaiona bure,” Mwalimu alisema, “lakini kuikanyaga ni nchi ya watu, inataka pasi, na nyinyi hata kitambulisho cha shule mmepoteza.” Alikuwa akiniangalia mimi. Kisha alitueleza mpango: hifadhi yenyewe, msitu wa mianzi, maporomoko ya maji, halafu juu zaidi, mahali ambapo hali ya hewa ikikubali unaiona barafu kwa macho yako. Alipofika kwenye baridi, alituangalia kwa huruma. Watoto wa Voi. Sisi baridi tunaijua kwenye chupa ya soda.

Mutua ndiye aliyeleta wazo la mazoezi ya baridi. Karibu na soko kuna Bi Zuhura, mama wa Kiswahili anayeuza samaki wa kutoka Mombasa, na friza lake ni kubwa kama jeneza la tajiri. Tuliingia dukani kwake mchana mmoja, mimi nikamshika kwa mazungumzo ya bei ya samaki changu, Mutua na wenzake wakafungua friza na kutia vichwa ndani kwa zamu, mmoja akihesabu pumzi. Bi Zuhura aligeuka akakuta mgongo wa Mutua tu, kichwa kimezama kwenye pweza. “Enyi, mna nini nyie? Mwataka kuniulia samaki wangu?” “Tunajifundisha baridi, Bi Zuhura,” Mutua alijibu kutoka ndani. “Mwajifundisha nini?” Tulimweleza yote, mlima, barafu, Mwalimu na kustaafu kwake. Alitusikiliza mikono kiunoni. “Hebu mtoe kichwa huyo mwenzenu,” alisema hatimaye, “na mwambieni mwalimu wenu, akirudi aje anieleze hiyo barafu ya Mungu inafananaje, maana hii yangu yaniumiza kwa bili ya stima.” Alitufunga kila mmoja kipande cha barafu ndani ya karatasi ya nailoni. Tulikifyonza barabarani, kikiwa na ladha ya kamba na dagaa, tukijiona wapanda mlima kamili.

Mazoezi ya miguu yalikuwa habari nyingine. Mwalimu alitwambia mlima hauwezi kupandwa na mtu anayebebwa na bodaboda hata kwenda msalani, kwa hivyo kila Jumamosi tungepanda Sagalla, na si mikono mitupu bali na mzigo. Mzigo gani, hakusema. Basi Jumamosi ya kwanza tulijaza mabegi mawe. Tulipita mashamba ya chini, yale yenye mizinga ya nyuki iliyoning’inizwa kwenye nyaya kuzuia ndovu, Mutua akigonga mizinga kwa begi na kuomba nyuki msamaha, tukapanda, tukapanda, tukamlaani aliyevumbua milima, hadi tukatokea kwenye ua uliofagiliwa ukang’aa. Palikuwa nyumbani kwa mamake Mwalimu. Nyanya Mkawasi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mbaazi ndani ya ungo, mdogo wa mwili, leso mbili, macho ya mtu asiyepitwa na kitu. Alituangalia tukianguka mmoja mmoja, tukifungua mabegi na kumwaga mawe uani kwake.

“Nyinyi mmetoka Voi?” aliuliza.

“Ndiyo, nyanya.”

“Mkabeba mawe. Mkayaleta Sagalla.”

“Ndiyo, nyanya.”

Aliangalia mlima wake, ambao toka chini hadi juu ni mawe. “Kwani huko chini mliambiwa huku yamekwisha?”

Hapo ndipo nilipompenda. Mimi nimezoea kuwa ndiye mchekeshaji mahali popote nilipo, na siku ile nilikutana na bingwa akiwa na ungo magotini. Alimgeukia mwanawe, mwalimu mzima mwenye digrii, anayefuta jasho nyuma yetu. “Na wewe umesomesha watoto wa watu miaka yote hii, na hiki ndicho ulichowafundisha? Maji hakuna, kisima kimekauka, nawe waniletea mawe!” Mwalimu Nyambu aliinamisha kichwa kama mtoto wa darasa la pili. Jumamosi iliyofuata kila mtu alipanda na mtungi wa maji. Uzito ni uleule, tofauti ni kwamba ukifika juu kuna mtu anayeufurahia.

Jikoni kwa Nyanya Mkawasi palikuwa na mafiga matatu, dari nyeusi kwa moshi, kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, na pipa kubwa la plastiki ambalo kabla yetu lilikuwa likiwekwa mahindi. Pipa hilo nalikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala. Tulikuwa tukiingia kwa mstari, kila mtu anamimina, na sauti ya maji ikipanda ndani ya pipa aliisikiliza kama wengine wanavyosikiliza kwaya. “Huyu ameleta pungufu,” alikuwa akisema bila hata kugeuka, na kweli ukimwangalia Mutua mdomo wake ulikuwa umelowa. Kisha alitupa kimanga, muhogo na maharage yaliyopondwa pamoja hadi yakasahau yaliwahi kuwa vitu viwili, na chai ya tangawizi inayokata koo. Tulikula tukiwa tumekaa kwenye magunia, na majirani walikuja na vikombe vyao, na vikombe vikawa sufuria, na sufuria zikawa mitungi. Kufikia Juni akina mama walikuwa wanapanga siku ya kufua kwa kutuhesabu sisi. Jumamosi moja nililala huko kwa rafiki, Jumapili nikaingia kanisani nikaketi nyuma, na nikamsikia mama mmoja akituombea kwa sauti, macho ameyafumba kabisa: “Bwana, wape hawa watoto safari njema ya mlima. Lakini Bwana, usiwaharakishe.” Waumini wote waliitikia amina, na hiyo amina ilikuwa na nguvu kupita zote za siku hiyo.

Nilidhani jambo hilo ni la kuchekesha tu. Nilimsimulia kila mtu. Mpaka Julai, tulipokuwa tumeketi uani baada ya kumimina, na Mwalimu akamwambia mamake, kwa upole, kwanza kwa Kidawida, lugha ya Taita, kisha kwa Kiswahili ili tusikie, “Mama, safari imekaribia. Nataka unitasie.” Nyanya Mkawasi aliendelea na mbaazi zake. “La,” alisema. “Sio sasa.” Mwalimu alisubiri. Tuliposhuka, Mutua, ambaye ni Mkamba na mambo ya Dawida anayajulia kwetu, aliuliza kutasa ni nini, na Mwalimu akamweleza tukiwa tunateremka, sauti yake ikikatika kwa kila hatua. Mzazi akiwa na hasira moyoni juu yako, alisema, hata asipoinena, inakufuata. Unaweza kwenda mbali, ikakukuta huko. Kwa hivyo kabla ya jambo kubwa anachukua maji kinywani, anayapuliza nje, na hasira inatoka na yale maji, kisha anakuombea mema. Hawezi kuigiza. Kama hasira bado imo, maji yale ni mate tu. “Lakini nyanya ni mtu wa kanisa,” Mutua alisema. “Ni wa Umoja wa Kina Mama hasa,” Mwalimu alijibu. “Anasema Mungu anajua hasira inatokea mdomoni, ndiyo maana alitupa mdomo.” Tukatembea kidogo. “Na asipotasa?” niliuliza. Hakusimama, hakugeuka. “Nyinyi mtaenda na madamu wa bayolojia. Yeye pia anajua njia. Mimi sitapanda basi hilo.”

Hakuna aliyecheka hadi tulipofika chini. Mtu huyu alikuwa amechora barafu maisha yake yote. Ilibaki Agosti moja tu na mlima mmoja, halafu astaafu, halafu magoti, ambayo tayari tulikuwa tukiyasikia yakilia kwenye kona za Sagalla. Na mamake hasemi kosa ni nini. Mutua alisema tumbembeleze. Mwingine akasema tuite mchungaji. Mimi nilikuwa na akili moja tu maishani, na ndiyo niliyoitumia. Kama kutasa ni maji yatoke kinywani yamfikie Mwalimu, basi kazi yetu ni kuhakikisha yanatoka. Mtu mwenye maji mdomoni akicheka, yanakwenda wapi?

Jumamosi iliyofuata tulimshawishi Mwalimu abebe nguo zake za baridi amwonyeshe mama. Alikuwa amezinunua kwenye mitumba, na kwa kuwa hakuna mtu Voi anayejua nguo ya baridi inavyopaswa kukaa, alikuwa ameuziwa koti refu la kike la rangi ya waridi iliyoiva, lenye manyoya shingoni, na yeye aliamini ndilo koti la wapanda milima. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Saa saba mchana, jua likituchoma utosi, nilimpa Nyanya Mkawasi kikombe cha maji kwa mikono miwili na adabu zote, nikangoja ainue, ajaze kinywa, kisha nikapiga makofi kama ishara. Mwalimu akatoka ndani. Koti limefungwa hadi kidevuni, manyoya yakimpepea masikioni, soksi mikononi kwa kukosa glavu, leso ya mamake kichwani. Alisimama mbele yetu kwa heshima kubwa. “Nyanya,” nilisema, “mwanao yuko tayari kuolewa.”

Maji yalitoka. Yalitoka kama bomba la jiji limepasuka, yakamlowesha Mwalimu manyoya, kifua, na miwani. Ua mzima ulilipuka. Mutua alikuwa chini akipiga ardhi, sisi wengine tunarukaruka, “Ametasa! Ametasa!” Nyanya Mkawasi alicheka hadi kigoda kikamtupa, akacheka akiwa chini, akajifuta machozi kwa pembe ya leso. Halafu kicheko kilipungua, kikapungua, na uso uliobaki haukuwa wa mtu aliyecheka. “Huku ni kuchekeshwa,” alisema. “Sio kutasa. Bado iko hapa.” Aligusa kifua. Alimwangalia mwanawe, amesimama pale analowa ndani ya koti la waridi, na sasa alisema naye kana kwamba sisi hatupo.

“Nimekaa mlima huu tangu niletwe kama bibi harusi. Umezaliwa hapa. Ukaenda kusoma, ukafunza, Voi iko pale, naziona taa zake. Ulikuwa waja Krismasi. Ulikuwa waja mtu akifa. Mwaka huu waja kila Jumamosi. Nikafurahi, nikasema, mwanangu amenikumbuka. Kumbe wajifundishia kwangu mlima wa watu wengine. Ukishaiona barafu yako, utapanda tena kufanya nini?”

Mwalimu Nyambu alivua leso kichwani, akaikunja. Akavua soksi mikononi. Nilifikiri angejitetea, kwamba kulikuwa na kazi, na watoto, na kusahihisha, na kwamba yote hayo yangekuwa kweli. Hakujitetea. Alituambia, “Nendeni, ndovu hawajaanza kutembea, mshuke pamoja,” na akaketi chini karibu na ule ungo, na koti lake lote, akaanza kuchambua mbaazi. Tulishuka bila yeye. Jumapili hakuonekana Voi. Jumatatu aliingia darasani amechelewa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika historia ya shule, suruali haina mkunjo, na harufu ya moshi wa kuni imemjaa. Alichukua chaki akaendelea pale alipoachia. Na wiki hiyo alipanda tena siku ya kazi, baada ya vipindi, bila mtungi, bila sisi, bila mazoezi yoyote. Tulimwona akipita soko na mkate kwapani. Bi Zuhura alimwita, “Mwalimu, safari ya wapi na hali hii?” Akajibu, “Nyumbani.”

Asubuhi ya safari basi lilikuwa limeegeshwa nje ya lango la shule, na dereva, mtu wa bara aliyekuwa ameosha gari hadi likajiona, alikuwa akipangusa kioo kwa mara nyingine. Madamu wa bayolojia alikuwa ndani. Mabegi yalikuwa juu. Mwalimu alikuwa chini, kando ya mlango, koti la waridi mkononi, na hakuna aliyemwambia apande wala asipande. Ndipo bodaboda ikatokea kwa vumbi, na nyuma yake, ameketi upande kama malkia, Nyanya Mkawasi, mkono mmoja umemshika kijana wa pikipiki shingoni na mwingine umeshika chupa ya soda iliyojaa maji. Alishushwa. Aliifungua chupa. Maji yale nilijua yametoka kwenye pipa lake, na maana yake yametoka mgongoni kwetu, yalikwenda mlimani na sasa yamerudi. Alijaza kinywa, akampulizia mwanawe, mara moja, tena, taratibu, matone yakiangaza kwenye jua changa. Alisema maneno yake kwa Kidawida, na nitayaweka kama nilivyoyaelewa: imetoka, haiko tena, nenda ukaone ulichotaka kuona, miguu yako ipate pa kukanyaga, urudi. Kisha akatupulizia sisi. Kisha akalipulizia basi.

“Mama!” dereva alipiga kelele. “Kwani gari imekukosea nini? Nimeosha sasa hivi!”

“Ndiyo nakuoshea vizuri,” alisema, na akaongeza duru moja kwa ajili ya kioo. “Na wewe ukifika Mtito usikimbize.”

Habari za mlima wenyewe watu hunitaka nizirefushe, na mimi huzifupisha, kwa sababu kwangu safari ilikuwa imeshatokea Sagalla. Lakini nitasema haya. Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona, nikadhani ni treni ya mizigo imepotea njia. Tulitokea kwenye mianzi na yalikuwa pale, meupe, yanaanguka kutoka juu ya mwamba bila kupumzika, na moshi wa maji ukatufikia usoni. Hakuna mtu aliyekuwa ameweka mtungi. Hakuna foleni. Mutua, amevaa sweta tatu, alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa hasira ya kweli kabisa, “Nani ameacha mfereji wazi?” Na asubuhi moja, juu zaidi, pumzi zetu zikionekana na vidole havionekani ndani ya mikono ya sweta, mawingu yalifunguka na aliyetuongoza akanyoosha fimbo yake. Kati ya miamba myeusi kulikuwa na kipande cheupe kilicholala kwa upande, kimechoka, ukingo wake umechafuka kama shuka la hospitali. Nilikuwa na mzaha tayari ulimini. Mwalimu Nyambu alivua kofia. “Ndiyo hiyo?” “Ndiyo hiyo, mwalimu.” Alitazama sana. “Mimi nimekuwa nikiichora kubwa kuliko hiyo,” alisema. Hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayesahihisha kazi yake mwenyewe. Ule mzaha niliumeza, na mpaka leo sijauhitaji. Wakati wa kushuka, tulipofika tena kwenye maporomoko, alikwenda hadi ukingoni na koti lake la waridi, akachota maji kwa kiganja, akajaza kinywa, na akageukia upande aliodhani ni Sagalla. Akayapuliza. “Anaomba nini?” Mutua alininong’oneza. “Haombi,” nilisema. “Anajibu.”

Tuliporudi tulipanda Sagalla kupeleka habari, kundi zima, tukiongea wote kwa pamoja, maporomoko, mianzi, barafu, baridi iliyomfanya madamu wa bayolojia aimbe. Nyanya Mkawasi alitusikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha.

“Kwa hivyo maji mliyaona.”

“Mengi, nyanya! Yanaanguka tu!”

“Mkaleta?”

Tuliangaliana. Watu wazima nusu, na mabegi, na chupa tupu za soda ndani ya mabegi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria. “Hapa mlipanda na maji hadi mkachubuka mabega,” alisema. “Mkaenda mlima wenye maji. Mkarudi mikono mitupu.” Alimwangalia Mwalimu, na Mwalimu akaangalia chini, na wote wawili wakaanza kucheka, mama na mwana, kicheko kimoja, hadi sisi tukajiona wageni.

Mwalimu alistaafu mwisho wa mwaka kama alivyosema. Hakujenga Voi. Alihamia kule juu, kwenye chumba cha pili, chenye kitanda cha kamba na rundo la vitabu vya jiografia ambavyo panya wa Sagalla wamevisoma zaidi yetu. Sisi tulikuwa tukipanda mara moja moja, halafu kidato cha nne kikatumeza, na Jumamosi zikawa za marudio. Wiki iliyopita ndipo nilipolikuta pipa tena, pale pale jikoni, na kalenda ileile ambayo hakuna aliyewahi kuibadilisha. Kutwa nzima watu walikuwa wakipanda na maji kwa ajili ya matanga, akina mama wa kanisa, waliokuwa chama chetu, hata Bi Zuhura aliyeletwa na bodaboda akiwa na mtungi mapajani, akilaumu kila kona. Mwalimu Nyambu alisimama kando ya pipa akisikiliza sauti ya maji yakipanda. Mutua alipomimina, alisema bila kugeuka, “Pungufu.” Na Mutua, kijana mwenye ndevu siku hizi, akatoka nje kulia.

Nyuma yangu kwenye mstari alikuwa msichana wa kidato cha kwanza nisiyemfahamu, kiatu kimoja kimekatika, anahema kama injini ya kusaga. Alisikia tu kwamba chama cha jiografia hupanda mlima na mitungi, akaja. Wakati tunangoja zamu aliniuliza, kwa ile adabu ya wageni, “Dada, haya mazoezi tunajiandaa kwenda wapi?”

Mimi huwa sikosi jibu, hata lisilotakiwa. Niliangalia pipa, na mzee aliyesimama kando yake, na kigoda kilichokuwa kimegeuzwa juu chini pembeni ya mafiga.

“Hapa,” nilimwambia. “Tushafika. Mimina.”